Pasha Mikono Kwanza

Kabla ya kukufundisha kitu chochote, Mwalimu alikuangalia mikono. Hakuuliza umepata alama gani wala umetoka shule ipi. Alisema tu, "Lete," nawe ukanyoosha viganja juu ya jiko la mkaa lililokaa katikati ya chumba, akavigeuzageuza kama mama anayechagua viazi sokoni. Vikiwa vya baridi alikuacha hapohapo umechutama. "Pasha mikono kwanza," alisema. "Mkono wenye ganzi unasoma uongo." Kisha akaenda zake kuchonga penseli.

Watu wa sehemu za joto wataona hayo ni madoido. Lakini Njombe mwezi wa sita si pa kutania. Asubuhi umande unaganda juu ya majani ya viazi, na ukishika chuma vidole havikuambii kama umekishika au umekiachia. Mwalimu hakuwa na maabara. Alikuwa na chumba cha nyuma cha nyumba yake, benchi la mbao za miwati, uzi, mawe, betri za redio, kipima umeme kimoja alichokifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga, na rula ya mita ya mbao. Na jiko. Bila jiko, alisema, vyote hivyo ni mapambo.

Kazi yake ilikuwa kutuandaa kwa Fizikia ya kidato cha tano. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, majina ya waliochaguliwa yametoka, na shule zilikuwa zifunguliwe mwezi wa saba. Wengi wetu tulitoka katika sekondari mpya za wazazi, zile zilizokuwa zikichipua kila kijiji miaka ile serikali ilipolegeza kamba na kila mtu akaambiwa ajitegemee. Madarasa yalikuwepo, mabati yalikuwepo, maabara haikuwepo. Mtihani wa vitendo tuliufanyia kwenye karatasi: umechorewa chombo, unaambiwa kinasoma ngapi, unaandika. Nilifaulu Fizikia vizuri bila kugusa chombo hata kimoja. Nilikuwa kama mtu aliyejifunza kupika kwa kusikiliza redio.

Sasa nilikuwa nimechaguliwa kwenda kusoma Fizikia, Kemia na Hisabati katika shule ya wasichana ya mbali, na habari zilikuwa zimetufikia kwamba pale wiki ya kwanza wanakupa jaribio la vitendo. Ukishindwa, wanakuhamishia masomo ya historia na lugha, kama nafasi ipo. Kama haipo unarudi nyumbani. Shangazi yangu, ambaye nilikaa kwake mjini Njombe, hakuzungusha maneno.

"Ukirudishwa huko, mie shule nyingine sina," alisema huku akimenya viazi. "Mama yako mgonjwa, wadogo zako wanne. Utarudi Kifanya ukawalee. Sikutishi, nakwambia ili ujue."

Nilijua. Kwa hiyo mwezi wa nne, mvua zikiwa bado hazijakatika, nilikwenda kwa Mwalimu na mikono yangu ya baridi.

Hakutuita kwa majina. Alituita kwa tulikotoka. Mimi nilikuwa Kifanya. Kulikuwa na kijana mrefu mpole kutoka milimani, yeye akawa Makete. Mtoto wa mfanyabiashara wa Makambako, aliyevaa saa ya namba iliyowaka taa ukibonyeza, akawa Makambako. Wengine wakaja na kwenda. "Kifanya, umelala. Makete, acha haya. Makambako, zima hiyo taa, hatuko disko." Alisema majina yanamfanya amkumbuke mzazi wa mtu, na akimkumbuka mzazi anaanza kumwonea huruma mtoto. Sikuwahi kusikia mtu mwingine akitoa sababu hiyo.

Jumamosi darasa lilihamia Makambako. Baba yake yule mwenye saa, mzee Mwislamu aliyehamia kutoka Kondoa na kupata riziki kwa malori, alikuwa amenunua ghala la zamani la ushirika. Alimkaribisha Mwalimu kwa maneno ambayo Mwalimu aliturudia mara nyingi, akiiga sauti ya mzee yuleyule.

"Mwalimu wangu, hapa walikuwa wanaweka mbolea ya wakulima. Mbolea ikaisha, ushirika ukaisha, panya wakabaki. Mie naweka sabuni na mabati. Jumamosi weka watoto, bora kuliko panya."

Makambako baridi yake si kali kama ya Njombe lakini upepo haulali. Tulikaa juu ya katoni za sabuni, mlango umefungwa nusu, malori ya kwenda Tunduma yakinguruma barabarani, na Mwalimu akituuliza lori lililopakia linapanda kilima kwa nguvu ya nini. Nilipenda Jumamosi zile. Nasema nilipenda kwa sababu nakumbuka kwamba nilipenda. Kuhisi kwenyewe sikuhisi sana, mwaka ule mambo mengi yalinipita hivyo.

Mwalimu alivaa koti refu la mtumba, rangi ya damu ya mzee, vifungo vikubwa upande wa kushoto na mkanda wa kiunoni. Lilikuwa koti la kike, kila mtu alilijua hilo isipokuwa yeye, au ndivyo tulivyodhani. Siku moja Makambako akajikaza kumwambia. Mwalimu akajitazama, akafunga mkanda vizuri zaidi. "Joto halina jinsia," akasema, akaendelea na somo la joto. Wakati huohuo alilaani mitumba asubuhi na jioni, kwamba imeua viwanda, kwamba tumekuwa jalala la Wazungu, na soko huria ni huria kwa mwenye lori tu. Aliyasema hayo akiwa amejifunga mkanda wa lile koti.

Alifundisha sauti, mawimbi na mitetemo, kwa ufundi ambao mpaka leo sijaupata kwa mtu, na hakuweza kuimba. Kanisani alikuwa anaimba besi peke yake, njia yake mwenyewe, kwaya nzima ikimkwepa. Alitukataza kunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kabla ya somo na yeye aliunywa baada ya somo, kwenye kikombe cha bati chenye alama za ujazo alichokitumia pia kupimia maji. Alichukia watu wanaochelewa na hakuwa na saa. Ukifika amekwishaanza umechelewa, ukifika hajaanza umewahi. Hapakuwa na rufaa.

Misemo yake ilikuwa michache na aliichosha. "Kipimo hakiamkii mtu," alisema, maana yake chombo hakijui wewe ni mtoto wa nani. "Fizikia haina huruma, lakini kinyongo pia haina." Na ule mkubwa, ambao ndio niliokwenda nao duniani: "Usipike."

Kupika kwetu kulikuwa ugonjwa. Sisi wa shule zisizo na maabara tulijua majibu kabla ya majaribio. Tulijua jiwe likining'inizwa kwa uzi na kubembea, ukipima urefu wa uzi na muda wa kubembea, hesabu itakupa nguvu ya mvutano wa dunia, nayo ni tisa nukta nane. Kitabu kimesema. Basi mtu anaanza na tisa nukta nane, anarudi nyuma kwa hesabu mpaka anapata muda ambao jiwe lingepaswa kubembea, anauandika kama kwamba ameuona. Hatukuona kuwa ni udanganyifu. Tuliona ni adabu. Nani angethubutu kubishana na kitabu?

Wiki yangu ya pili Mwalimu alitupa jaribio hilohilo la jiwe na uzi. Alitupa rula yake ya mita, ambayo ncha yake ya mwanzo ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Alitupa saa ya Makambako. Akatoka nje kupasua kuni, akatuacha muda mrefu. Nakumbuka nilibembeza jiwe kidogo, nikahesabu kidogo, nikapata muda usionipendeza. Nikamwangalia jirani yangu. Naye alikuwa anapiga hesabu za kurudi nyuma. Nikafanya kama yeye.

Aliporudi alikusanya karatasi, akazisoma amesimama, moja baada ya nyingine, na uso wake haukubadilika.

"Mmepata wote," alisema. "Tisa nukta nane, tisa nukta nane, tisa nukta saba nane, huyu amejifanya mnyenyekevu. Wote mmepata. Kwa hiyo wote mmekosa."

Akabandua utepe mweusi. Rula ilikuwa imekatika. Sentimita tatu za mwanzo hazikuwepo, labda zililiwa na mchwa, labda alizikata mwenyewe, hakusema.

"Kila urefu mliopima kwa kijiti hiki ni wa uongo," alisema. "Anayepima kwa haki kwa kijiti cha uongo angepata kumi na kitu. Angepata kumi na moja. Angekuja kuniambia, Mwalimu, dunia yako ina kasoro. Nami ningemwambia, hapana mwanangu, rula ndiyo yenye kasoro, na wewe ndiye umeigundua. Sasa nimefuga wapishi."

Kisha akachukua karatasi ya Makete, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya tisa nukta nane palikuwa na kivuli cha namba iliyofutwa. Kumi na moja.

"Huyu aliiona," alisema Mwalimu, na sauti yake ilishuka. "Aliiona, akaiandika, akaona aibu, akaifuta. Makete, kwa nini?"

"Nilidhani nimekosea, Mwalimu," Makete alisema. "Wenzangu wote walikuwa na ile nyingine."

Siku hiyo alipita na kopo la maziwa ya unga, akakusanya vifutio vyetu vyote. Kuanzia hapo katika chumba kile na katika ghala la Makambako hapakufutwa kitu. Ukikosea unapiga mstari mmoja, namba ya zamani ibaki inasomeka, unaandika mpya pembeni na unasema kwa nini. Karatasi zetu zikawa chafu za kutisha. Alizipenda hivyo. Nami taratibu nikajifunza kutazama kile kilichopo mbele yangu, jambo gumu kuliko hesabu yoyote, na usiku kitandani kwa Shangazi nilijiambia kwamba huenda sitarudishwa Kifanya.

Kulikuwa na jambo jingine lililopikwa kila siku, si kwenye karatasi. Makambako ni njia panda. Malori yanalala pale, reli inapita pale, na miaka ile ugonjwa ulipanda na malori ukaja mpaka kwetu vijijini. Kila wiki palikuwa na msiba. Katika kila msiba husomwa historia fupi ya marehemu, na katika kila historia fupi marehemu aliugua malaria, au kichomi, au alirogwa na watu wenye wivu. Hakuna aliyekufa kwa ugonjwa wenyewe. Vijana walikuwa na lugha yao ya kando, walisema fulani amekanyaga waya. Siku moja ghalani tulikuwa kwenye somo la umeme na Makambako akatupia utani huo, kuhusu jirani yao aliyekonda. Tulicheka.

Mwalimu aliweka chini kipima umeme.

"Anayekanyaga waya anakufa palepale, mbele za watu, na tunajua kilichomuua," alisema. "Huyo jirani yako ana ukimwi. Ukitaka kusema, sema. Kama huwezi kusema, nyamaza. Usinipikie hapa."

Neno lile lilikaa ndani ya ghala kama mgeni asiyepewa kiti. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akilitamka kwa sauti ya kawaida. Nilimfikiria mama yangu kule Kifanya, na kikohozi chake, na jinsi nguo zilivyomlegea, na baba aliyekuwa ameshakufa, kwa kichomi, tuliambiwa. Nilipiga mstari juu ya wazo hilo. Lilibaki linasomeka.

Mama alikufa mwezi wa tano. Shangazi alipewa habari na dereva wa gari la mbao, na sote wawili tulipanda gari hilohilo kurudi nalo. Mwalimu alikuja mazishini siku ya pili, juu ya mbao za lori jingine, na koti lake la kike limejaa vumbi. Alisimama nyuma. Baba mdogo alisoma historia fupi: marehemu alisumbuliwa kwa muda mrefu na malaria iliyopanda kichwani. Watu wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilisimama karibu na jeneza na kusikia kila neno, na sikulia. Wanawake walinisifu. "Mtoto amejikaza," walisema. "Ametulia, Mungu amemtia nguvu." Nilipika uji, nikaosha wadogo zangu, nikapokea wageni, "Kamwene, kamwene." Ningeweza kuendelea hivyo mwaka mzima.

Wakati wa kuondoka Mwalimu alimwita Shangazi pembeni. Nilikuwa nakusanya vikombe, nikasikia.

"Wanasema ametulia," Mwalimu alisema. "Hajatulia huyu. Ana ganzi. Ganzi siyo utulivu. Nirudishie darasani, mama, asikae hapa."

"Na wadogo zake?" Shangazi aliuliza.

"Wadogo zake utawachukua wewe mpaka afungue shule, halafu utaendelea kuwachukua," alisema Mwalimu, kana kwamba anasoma namba kwenye chombo. Shangazi alisonya. Lakini aliwachukua wote wanne, akalalamika mpaka walipooa na kuolewa.

Niliporudi darasani hakunipa kazi. Alinikalisha karibu na jiko na kunisahau, au alijifanya. Nilikaa hapo siku nyingi nikiangalia wenzangu wakibembeza mawe. Makete aliniwekea mkaa kila unapopungua. Nilikuwa nahesabu bembea za watu wengine kichwani, bila kujua ninahesabu. Siku moja Mwalimu akapita nyuma yangu, akauliza, "Ngapi?" nikamjibu. Akasema, "Haya, njoo uandike," nikaenda.

Mwezi mmoja baadaye ilikuwa zamu ya Mwalimu kufiwa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa utingo wa malori ya Tunduma, kijana mchangamfu mwenye kofia ya rangi, aliyekuwa akituletea peremende kutoka mpakani. Aliletwa nyumbani amelala nyuma ya gari la rafiki, na hakuamka tena kitandani. Darasa zima lilikwenda mazishini. Hata mzee wa Makambako alikuja, kwa heshima ya darasa la ghalani kwake.

Mwalimu alisoma historia fupi mwenyewe. Alivaa suti badala ya koti. Alisoma vizuri, bila kutetemeka, shule aliyosoma mtoto, kazi aliyofanya, na mwisho akasoma kwamba mtoto wake aliugua ghafla, malaria kali.

Nilimtazama. Makete alimtazama. Mzee wa Makambako, aliyesimama mbele yangu, alinung'unika chini ya ndevu zake, "Mficha maradhi, kilio humfichua," kisha akajifuta uso na leso. Mwalimu alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaangalia chini.

Ningeweza kusema nilimdharau siku ile. Makambako alimdharau kwa sauti njia nzima ya kurudi. Mimi sikuwa na nguvu ya kudharau mtu. Niliona tu kwamba mikono yake ilikuwa ya bluu kwa baridi, na hakuna aliyemsogezea moto.

Alirudi kufundisha baada ya siku chache. Alikagua mikono yetu, alichonga penseli, alitukana kama kawaida. Lakini mpaka tulipoondoka kwenda shule sikumsikia tena akisema "usipike." Alituachia sisi tuseme wenyewe, au tusiseme.

Wiki ya kwanza ya kidato cha tano tulipewa springi na mawe ya uzito, tupime inavyorefuka. Maabara ilikuwa baridi na vyuma vilikuwa baridi. Wasichana wenzangu walianza mara moja. Mimi nilitia mikono kwapani, nikasimama hivyo mbele ya meza huku msimamizi akinitazama kama mwehu, mpaka vidole viliponirudia. Kisha nikapima. Springi yangu ilikuwa imechoka, ilivutika zaidi ya ilivyopaswa, na namba zangu hazikufanana na za mtu yeyote. Niliziandika kama zilivyokuwa. Mahali nilipokosea nilipiga mstari. Msimamizi alirudia vipimo vyangu mwenyewe, akanung'unika, akaitupa ile springi kwenye boksi. Nilipita kwa shida, kwa alama za kupitia dirishani, na sikurudishwa Kifanya. Msichana aliyekuwa kushoto kwangu, mwenye karatasi safi kama shuka, alihamishiwa historia.

Hiyo ndiyo sababu leo ninafanya kazi ninayofanya, kukagua mizani. Nazunguka masokoni na vituo vya malori na mawe yangu ya shaba, naweka, nasoma, naandika. Wafanyabiashara hawanipendi. Kipimo hakiamkii mtu.

Nilimwona Mwalimu kwa mara ya mwisho nilipopita Njombe kikazi, mwezi wa sita tena. Nilikuwa nimetoka Makambako asubuhi, kwenye ghala lilelile, ambalo sasa mwenye saa ya taa amelirithi na kuliwekea vigae. Aliniambia Mwalimu anaumwa ini, lakini anaendelea vizuri.

Binti yake alinipokea mlangoni. "Anaendelea vizuri," naye alisema. Ndani palikuwa na akina mama wawili wa kanisa wanamaliza sala. "Leo umenawiri kabisa, Mwalimu," mmoja alimwambia akifunga kanga. "Mwezi ujao tutakuona kwaya." Wakatoka. Mwalimu alikuwa amelala na lile koti juu ya blanketi. Jiko la mkaa lilikuwa karibu na kitanda. Macho yake yalikuwa ya njano kama ukoko wa ugali, na chini ya koti palikuwa na nafasi kubwa isiyokuwa na mtu.

"Kifanya," alisema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Siku hizi unakagua mizani, nimesikia. Wanakupikia?"

"Kila siku."

Akacheka kidogo, ikamuuma. Akatoa mkono wake nje ya koti, akauweka juu ya blanketi, kiganja juu, kama sisi zamani.

"Watoto wangu wako Songea na Tunduma. Wanasema watakuja Krismasi. Daktari anasema tusubiri. Wale akina mama wanasema nimenawiri. Nimezungukwa na wapishi, Kifanya. Soma wewe."

Niliunyoosha mkono kumshika. Akaurudisha wake. "Pasha mikono kwanza."

Nilichutama kwenye jiko. Sijui nilikaa muda gani. Alinisubiri, amefumba macho. Mikono ilipopata moto nilimshika kifundo cha mkono, nikausikia mshipa ulivyokuwa mwepesi na wenye haraka. Nikabonyeza mguu wake uliovimba, shimo likabaki. Nikamtazama uso mzima, bila kupita haraka. Niliiona namba. Nilitamani kuifuta, hilo nalisema. Nilitamani sana.

"Krismasi hufiki, Mwalimu," nilisema.

Akafumbua macho. "Una hakika?"

"Naweza kukosea mwezi mmoja. Hata nikikosea, hufiki."

Akapumua kama mtu aliyeshushiwa gunia. "Ahsante," alisema. Akamwita binti yake. "Wapigie simu wenzako. Waambie waje sasa, wiki hii, wasingoje Krismasi. Waambie Kifanya amesoma." Binti alinitazama kwa chuki, kisha akamtazama baba yake, na chuki ikaisha. Akatoka na simu. Tulimsikia nje akianza kuongea, akashindwa, akaanza tena.

"Ile historia ya mwanangu niliipika," Mwalimu alisema.

"Najua, Mwalimu. Sote tulijua."

"Nilikuwa nimeandika vizuri kwenye karatasi. Neno lenyewe. Niliposimama pale sikuliweza, nikasoma jingine." Akalivuta koti juu ya kifua. "Ya mama yako walikupikia wengine. Ulisimama karibu kuliko wote. Ulisoma nini?"

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nimewahi kusimama mbele ya matajiri na kuwaambia mizani yao inaiba. Na neno hili sikuwa nimelitamka juu ya mama yangu kwa mtu yeyote, wala kwa mume wangu, wala kwa Shangazi mpaka anakufa.

"Ukimwi," nilisema. "Mama alikufa kwa ukimwi, Mwalimu. Na baba."

"Usifute," alisema.

Nilirudi kwenye jiko kwa sababu mikono ilikuwa imenipoa tena. Mtu yeyote wa Njombe anajua ganzi inapotoka inakuwaje. Baridi yenyewe haiumi. Inauma unaporudi motoni, damu inaporudi, vidole vinachoma mpaka unataka kuvikata. Nilichutama pale, mikono juu ya mkaa, nikamlilia mama yangu kwa sauti kubwa, na Mwalimu aliniacha nilie, akanisogezea jiko kwa mguu wake.